Kisima kimelipiwa, maji machache: mwandishi aanzie wapi?

Assalaam alaykum. Mimi ni mwandishi kijana. Shehia yetu imechimbiwa kisima, maji yanatoka kidogo na watu wanasema fedha zimeliwa. Niichunguze vipi isije ikawa maneno ya barazani? – Msomaji, Wete, Pemba

Waalaykum salaam. Anza na karatasi, watu baadaye. Tafuta mkataba na mchanganuo wa gharama: kina cha kisima kwa mita, nguvu ya pampu, ukubwa wa tangi, tarehe ya makabidhiano. Omba kwa barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usitaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, hiyo ni ya Tanzania Bara na ofisa anayejua atakurudisha mlangoni. Shika kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar, kinachohusu haki ya kupata habari. Pitia pia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Kisha nenda kapime. Weka dumu la lita 20 chini ya bomba, uwashe saa ya simu. Likijaa kwa sekunde 40, hizo ni lita 30 kwa dakika, yaani lita 1,800 kwa saa. Rudia mara tatu, uandike tarehe na saa kila mara.

Hapa ndipo habari nyingi zinapoharibika. Maji machache si ushahidi wa wizi. Umeme ukiwa dhaifu pampu haivuti. Mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, visima hushuka vyenyewe, na vya karibu na pwani hupanda na kushuka na bahari, hasa wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida. Kwa hiyo pima maji ya bahari yakijaa na yakitoka, na umwombe fundi apime volti pampu ikiwa inafanya kazi. Pampu yenyewe imezama, huioni. Soma kibati cha vipimo kwenye boksi lake la umeme, halafu muulize fundi aliyeishusha, maana boksi huweza kubadilishwa peke yake. Tuseme mkataba unataka kilowati 4, na kibati na fundi wote wanasema 2.2: hiyo ndiyo habari yako. Andika tofauti hiyo. Neno "wameiba" liache.

Kabla ya kuchapisha, wapelekee wahusika maswali yenye namba na uwape siku saba. Ukiuliza "mnasemaje kuhusu ufisadi?" utajibiwa kwa hotuba. Uliza: "Nani alisaini kupokea pampu, tarehe gani?"

Kwa nini tuzo ya Pulitzer hupewa gazeti, si mwandishi? – Msomaji, Chake Chake

Tuzo za Pulitzer ni za Marekani, za uandishi, na si zote hupewa gazeti. Ni ile ya Utumishi wa Umma, ambayo ni medali ya dhahabu. Mwaka 2003 ilikwenda kwa gazeti la *Boston Globe* kwa kufichua mapadri wa Kanisa Katoliki waliowanyanyasa watoto kingono na viongozi waliowaficha mapadri hao. Waandishi walichukua vitabu vya Kanisa vya kila mwaka vyenye majina na vituo vya mapadri, wakalinganisha mwaka kwa mwaka: nani kahamishwa, nani kaandikwa mgonjwa au yuko likizo. Gazeti nalo likaenda mahakamani kudai nyaraka zilizofungwa zifunguliwe. Mwandishi peke yake haiwezi gharama hiyo, na medali hii hutunza kazi ya chombo kizima cha habari.

Njia ya kulinganisha lakini haina gharama kubwa. Chukua hotuba za bajeti za mawaziri zinazosomwa Baraza la Wawakilishi, uziweke sambamba. Mradi wa jina moja ukitajwa miaka mitatu mfululizo, panda gari ukauangalie.