Maswali na majibu ya kemia: namba ndogo haiguswi

Mwalimu, kwenye swali la kutengeneza maji nikiandika H₂ + O₂ → H₂O₂ atomu zinalingana pande zote mbili. Mbona nimekoseshwa?

Hili ni la tatu mwezi huu, na kila anayeuliza anadhani kaonewa. Umesawazisha kweli, ila hukutengeneza maji. H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Mgeni akikuomba maji ukampa hiyo, utakuwa na kesi. Namba ndogo inataja kitu ni nini, kubwa ya mbele inataja viko vingapi. Gusa ya mbele tu: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Walimu wenzangu nao siwaachi. Tunawapa watoto milinganyo kama mafumbo ya hesabu, hata siku moja hatuwaonyeshi kinachochanganywa.

Sukari kuyeyuka kwenye chai ni mmenyuko?

Hapana, mmenyuko huzaa kitu kipya. Kausha maji, sukari yako hiyo hapo.

Debe zima la mkaa limeungua, yamebaki majivu ya kujaa kiganja. Hiyo kanuni ya maada haipotei si uongo?

Umepima majivu, hewa hukuipima. Kilo 12 za kaboni zikiungua vizuri huchukua kilo 32 za oksijeni na kutoa kilo 44 za kabonidayoksaidi. Kilichopaa ni kizito kuliko mkaa wenyewe! Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18, alilithibitisha jambo hili kwa mizani na vyombo vilivyofungwa. Jiko lako liko wazi.

Na maadamu tumefika jikoni: usilale na jiko la mkaa chumbani huku umefunga madirisha. Oksijeni ikipungua hutoka kabonimonoksaidi, 2C + O₂ → 2CO, isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa nayo usingizini. Anayeniambia "mkaa wangu umeshika, hautoi moshi" ndiye ninayemhofia zaidi.

Fundi akimwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni, inachemka bila moto. Joto linatoka wapi?

Swali zuri, hatimaye. Linatoka kwenye mmenyuko wenyewe: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Tanuu lilitumia moto mwingi kulivunja jiwe la matumbawe, CaCO₃, na kulifukuzia kabonidayoksaidi yake. Ukitia maji, sehemu ya nishati ile inarudi. Zima kidogo kidogo, uso ukae mbali, maana chokaa ikiingia jichoni inaweza kukupofusha.

Lipu ikishapakwa, miezi na miaka inavuta kabonidayoksaidi hewani na kuwa CaCO₃ tena. Kuta kuukuu za Lamu na Mji Mkongwe ni jiwe lililochomwa likarudi kuwa jiwe. Halafu anakuja mtu kuzikandika saruji, unyevu unanasa ndani, ukuta unaoza, lawama anabebeshwa fundi wa zamani.

Nikichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, choo kitatakata zaidi?

Usithubutu. Hutoka klorini, gesi ya sumu iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Tumia moja, suuza, basi.

Nipe njia ya mkato ya kusawazisha.

Anza na elementi inayojitokeza mahali pachache, haidrojeni na oksijeni ziache mwisho, kisha hesabu upya pande zote. Nyingine sina.