Nichomoe diski moja ya RAID kila Ijumaa iwe bakapu?

SWALI: Nina yadi ya mbao Mafinga. Kompyuta ya ofisi ina diski mbili za RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, Windows na mauzo yote yamo humo. Fundi kaniambia kila Ijumaa nichomoe moja ikiwa inawaka niifungie kabatini, Jumatatu niirudishe. Ni salama?

JIBU: Hapana kaka, usichomoe. Hili naletewa sana hapa Mwanjelwa na linaniuma, maana anayeshauri hivi anajiita fundi na analipwa.

Diski uliyochomoa inawaka ni kama imekatiwa umeme ghafla, mauzo yaliyokuwa yanaandikwa yamekatikia njiani, databesi inaweza isifunguke. Halafu Jumatatu ukiirudisha RAID inaiandika upya yote kutoka kwa mwenzake, yaani bakapu yako ya kabatini inafutwa hapohapo! Terabaiti 1 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni karibu saa 3, na saa zote hizo una nakala moja tu nzima, inasomwa mwanzo mwisho, na kama zilinunuliwa pamoja basi nayo imechoka vilevile.

Kinachonikera zaidi ni watu kuamini RAID ni bakapu. RAID 1 inakukinga diski moja ikifa, basi. Nilishaitwa duka moja la pembejeo hapa Mbeya, kijana kafuta folda ya madeni ya wakulima, taa za diski zote mbili zinawaka kijani vizuri kabisa na folda haipo kokote, ilifutika kote kwa mpigo. Virusi vya kufunga mafaili na kudai hela ni hivyohivyo.

Wewe iache iwake. Windows ina VSS, inapiga picha ya diski ilivyo dakika ile huku mnaendelea kuuza, na programu ya bakapu inakopi kutoka kwenye hiyo picha. Chukua imeji, yaani nakala kamili ya mfumo mzima, pamoja na ile patisheni ndogo (kipande cha diski) ya kuwashia Windows, weka kwenye eksteno, diski ya nje ya kuchomeka, ukimaliza itoe upeleke nyumbani. Eksteno ziwe mbili za kupokezana. Halafu rudisha imeji kwenye diski tupu ya mashine nyingine, ufungue mauzo ya jana uyaone kwa macho yako, usiishie kuambiwa imekubali.

Na wengine wote, iwe Njombe, Tukuyu au Tunduma, fundi akikwambia "nimeshaweka RAID bosi, lala usingizi", muulize: nikifuta faili leo saa 4 utanirudishia kutoka wapi? Akianza kuzungusha maneno usimpe hela yako.