Kunyoosha Mapambo ya Chuma ya Gari la Zamani Ukiwa Nyumbani

Hapa Kisumu bado wapo watu wanaotunza Peugeot 404, aina iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na swali wanaloniuliza mara kwa mara ni kama mkanda wa chuma uliobonyea mlangoni unaweza kunyooshwa nyumbani. Unaweza, mradi ujue kwanza umeshika chuma gani.

Chukua sumaku. Ikinata kwa nguvu, yaelekea hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, nacho usikigonge kamwe, kwa sababu tabaka la kromu kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na likipigwa nyundo hupasuka na kubanduka pamoja na nikeli iliyo chini yake. Isiponata, pima uzito: alumini ni nyepesi na laini, ilhali chuma kisichoshika kutu ni kizito na hurudi chenyewe ukikikunja kidogo. Vishikio vya milango vya kumimina huwa ni vya zinki, navyo huvunjika ukijaribu kuvinyoosha.

Chuma kisichoshika kutu ndicho kinachomfaa mtu wa nyumbani. Ung'oe mkanda kwa kabari ya mbao, si kwa bisibisi, kisha uulaze kifudifudi juu ya kipande cha mti mgumu. Mimi hutumia mpera, na mafundi wa jua kali wa Kibuye wanaweza kukuchongea kipatasi butu cha kufikia ndani ya mkunjo. Gonga kwa upande wa nyuma, polepole, ukianzia ukingoni mwa bonde kuelekea katikati, kwani mapigo mazito hutanua bati, na bati lililotanuka halirudi mahali pake. Ugeuze, upake wino wa kalamu nene juu ya sehemu hiyo, kisha upitishe tupa laini mara moja tu. Panapong'aa ni kilima, panapobaki weusi ni bonde. Rudia hivyo hadi weusi uishe, ndipo uingie kwenye msasa wa maji, namba 320, 400, 600, 800, hadi 1200, ukibadilisha mwelekeo kila hatua ili mikwaruzo ya awali ionekane na kuondolewa.

Unapong'arisha kwa gurudumu la kitambaa, hakikisha linazunguka kuelekea nje ya ukingo. Likiuingia ukingo, litakupokonya mkanda na kuukunja kabisa. Miwani ya kinga ni lazima.

Kwa bampa la kromu lenye madoa ya kutu, sugua taratibu kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyolowa maji, ambayo ni laini kuliko kromu. Waya wa kusugulia sufuria uuache jikoni. Bonde lenyewe mpelekee fundi anayepaka kromu upya, wala usijaribu kupaka nyumbani, kwani kemikali zake husababisha saratani. Kabla ya kulirudisha bampa, paka nta upande wa ndani, ambako unyevu wa ziwa hujificha.