Taka zinaharibikia jikoni, kabla gari halijafika

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba nyumba yangu inatenganisha taka vizuri. Pipa la taka za kawaida hapa, mfuko wa vitu vya kurejelezwa pale: chupa, makopo, magazeti, maboksi. Siku ya gari nilikuwa natoa mfuko wangu mapema, moyo umetulia.

Asubuhi moja mzoa taka akaufungua mbele yangu, akachungulia, kisha akautupa kwenye taka za kawaida. Nikamfuata. "Kaka, huo si wa kurejelezwa?" Akaurudia, akatoa gazeti lililolowa mpaka likawa uji. "Mama, hii chupa ya maziwa haikumwagwa yote. Imevujia makaratasi. Mzigo huu hauna mnunuzi tena."

Neno hilo, mnunuzi, ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa nadhani urejelezaji ni huduma: mimi natoa, wao wanajua pa kupeleka. Kumbe ni biashara. Lazima kuwe na kiwanda kinachotaka karatasi yangu, na hakiitaki ikiwa imelowa mafuta au imeanza kuoza. China, iliyokuwa ikinunua plastiki na karatasi chakavu za nchi nyingi, ilifunga mlango kwa sehemu kubwa mwaka 2018 na kudai mizigo ambayo uchafu wake hauzidi asilimia 0.5. Miji mikubwa iliyozoea kujisifu kwa kurejeleza ikabaki na marobota yasiyo na pa kwenda. Ukiona mfuko wako umekataliwa, usidhani mzoa taka ana roho mbaya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote: tenganisha vibichi na vikavu pale pale jikoni, mkono ukiwa bado umeshika kitu. Kuchambua baadaye hakufai. Mimi nilijaribu, nikawa namwaga pipa zima kwenye gazeti jioni, na nilichopata ni karatasi zilizokwisha kulowa na kinyaa kilichonifanya niache baada ya siku nne.

Weka ndoo ndogo yenye mfuniko karibu na mahali unapokatia mboga. Humo yaingie maganda na mabaki ya chakula tu, yakiwa yamechujwa maji. Tandika gazeti chini, linyonye unyevu. Imwage kila siku. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba asilimia 44 ya taka za miji duniani ni chakula na majani. Maana yake, karibu nusu ya tatizo inakaa kwenye hiyo ndoo ndogo. Ikifukiwa dampo ambako hewa haipiti, huoza na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto. Ikiwekwa mahali penye hewa na kugeuzwageuzwa, inakuwa mboji. Kama huna hata kibaraza cha kutengenezea mboji, bado itenge. Nilipoanza, pipa langu kubwa liliacha kunuka na nzi wakapungua, na hilo peke yake lilitosha kuwashawishi watu wa nyumbani.

Mume wangu alisema haya ni mambo ya kisasa tu. Nikamsimulia habari za Eugène Poubelle, mtawala wa Paris aliyewaagiza wenye nyumba, agizo likaanza kutumika mwaka 1884, waweke vyombo vya taka vyenye mifuniko. Alitaka taka zigawanywe mara tatu: zinazooza, karatasi na matambara, vioo na vyungu pamoja na makome ya chaza. Jina lake ndilo Wafaransa wanaloliita pipa la taka mpaka leo.

Chupa na makopo yamwage, yasuuze kidogo, yaache yakauke. Sabuni haihitajiki, maji ya mwisho ya kuoshea vyombo yanatosha. Boksi likunjue liwe bapa, na sehemu yenye mafuta ichane uitupe kwenye taka za kawaida.

Kuhusu plastiki, nilidanganyika kwa muda mrefu na ile alama ya mishale mitatu yenye namba ndani. Namba hizo, 1 hadi 7, zilianzishwa mwaka 1988 ili kutambua aina ya plastiki. Haziahidi kwamba kitu kitarejelezwa. Mara nyingi namba 1 na 2, yaani chupa za maji na madumu ya sabuni, ndizo zenye wanunuzi wa uhakika. Nyingine uliza kwanza. Kutupia kitu kwenye mfuko wa kurejelezwa kwa kutumaini tu kunaharibu vile vizuri vilivyomo. Mifuko laini ya plastiki ndiyo mibaya zaidi: hujizungusha kwenye roli za mashine za kuchambulia, na wafanyakazi hulazimika kuzima mashine na kuingia na visu kuikata.

Hapa naomba nikae kidogo, maana linahusu damu ya mtu. Siku moja yule kaka alikuja na kiganja kimefungwa kitambaa. Glasi iliyovunjika, akasema, ilikuwa ndani ya mfuko mwembamba. Hakusema ni wa nani. Wiki ile mimi nilikuwa nimevunja glasi mbili, na nilizitupa hivyo hivyo. Tangu hapo kioo kilichovunjika nakikunja kwenye magazeti mazito, nakiingiza kwenye boksi, nalifunga kwa gundi ya karatasi na kuandika juu yake KIOO kwa herufi kubwa. Usikichanganye na chupa, kwa sababu glasi na bakuli za kuvumilia moto haziyeyuki kwa joto sawa na chupa. Sindano zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na uulize kituo cha afya pa kuzipeleka. Betri za simu usizitupe kwenye pipa kabisa. Gari linaposhindilia taka, betri ya lithiamu ikipondwa inaweza kuwaka, na moto ukaanzia katikati ya mzigo. Ziba ncha zake kwa utepe, zikusanye kwenye kopo kavu, uzipeleke panapopokelewa.

Mfuko utoe asubuhi ya siku ya gari, si usiku. Mbwa wataupasua, na mvua ikinyesha karatasi zako zote zimekwisha.

Na zungumza na anayezoa taka zako. Yeye anajua kinachonunuliwa mwezi huu kuliko kipeperushi chochote. Mimi bado nahangaika na pakiti za maziwa na juisi, zile zilizounganishwa kwa karatasi, plastiki na alumini, kwa kuwa si kila mahali pana kiwanda cha kuzitenganisha. Nilipomwuliza aliniambia nizikate, nizisuuze, nizikaushe na kumpa kando, naye atamwuliza anayemuuzia. Ninazo ishirini na tatu kwenye boksi nyuma ya mlango. Gari linakuja Alhamisi.