Maswali na majibu: pikapu ya dizeli iliyobadilishwa inakula mafuta kiasi gani?

Maswali ya safari hii yametoka Arusha, Moshi na vituo vya katikati, na karibu yote yanalia kilio kimoja: gari lilifungwa kitu kipya, sasa mafuta hayaeleweki. Naanza na lile linalogusa wengi.

Fundi, shikamoo. Nina Hilux 3.0 D-4D. Lilikuja na tairi za 265/65R17, nikaweka 285/70R17 za matope na kulinyanyua kidogo. Zamani nilipata kilomita 10 kwa lita. Juzi nimetembea kilomita 510 kwa lita 60, yaani 8.5. Gereji wanasema nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zimekufa, nibadilishe zote nne. (Msomaji, Sakina)

Marahaba. Usinunue nozeli bado. Ni ghali, na katika maelezo yako hakuna dalili hata moja inayozitaja: hujasema moshi, hujasema injini inatetemeka kwenye sailensa (ikinguruma gari limesimama), hujasema injini inagonga ikiwashwa asubuhi. Ulichobadilisha ni tairi, na tairi ndiyo rula ambayo gari hupimia barabara. Rula ikirefushwa, kila kipimo kinaharibika.

Piga hesabu. Ukuta wa tairi ya 265/65R17 ni asilimia 65 ya milimita 265, yaani 172. Zidisha kwa mbili, maana kuna ukuta wa juu na wa chini, kisha ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432. Unapata kimo cha milimita 776. Fanya vivyo hivyo kwa 285/70R17, unapata 831. Tairi mpya imezidi kwa asilimia 7, kwa hiyo kila ikizunguka mara moja gari linasogea mbele kuliko mita ya dashibodi inavyohesabu. Kilomita zako 510 ni kama 546 za kweli. Gawa kwa lita 60: ni 9.1.

Kumbe hujapoteza kilomita moja na nusu kwa lita. Umepoteza chini ya moja, na hiyo ina maelezo yake. Tairi za matope ni nzito na meno yake yanang'ang'ania lami. Gari lililonyanyuliwa linapigwa na upepo mwingi zaidi. Gia nazo zimekuwa ndefu: mlima uliokuwa ukiupanda na gia ya tano sasa unakurudisha ya nne. Hiyo ndiyo bei ya tairi ulizozitaka, na nozeli mpya hazitairudisha.

Lakini usiishie kwenye karatasi, kwa sababu tairi yenye mzigo hubonyea. Chukua simu, washa programu inayorekodi njia kwa setilaiti, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 50 za lami, kisha linganisha. Gari likisema 50 na simu ikisema 53.5, basi kuanzia leo kila kilomita ya mita yako izidishe kwa 1.07. Mshale wa spidi umeathirika vilevile. Spidi mita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo; tairi zako zimeila akiba hiyo. Ukipita Usa River au Maji ya Chai penye kibao cha 50, usitembee na 50 ya mshale ukidhani uko salama.

Nikitoka Arusha kuja Moshi napata kilomita 11 kwa lita. Nikirudi napata 9. Je, dizeli ya Moshi ni mbaya? (Msomaji, Soweto, Moshi)

Hapana. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini yake kwa mita zaidi ya 500. Kulipandisha gari la tani mbili na nusu kimo hicho, ukizingatia kwamba injini ya dizeli hugeuza kama theluthi tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo na nyingine inapotea kama joto, kunadai lita moja na kidogo. Safari yenyewe ni kilomita 80 hivi. Kwa gari lako, kwa wastani wa kilomita 10 kwa lita, ni lita 8. Ongeza moja ukipanda, toa karibu moja ukishuka, utazikuta 9 na 11 zako zimekaa pale pale. Kipimo halali cha njia hii ni cha kwenda na kurudi pamoja.

Tena kilomita 80 hazitoshi kupimia. Ukikosea kujaza kwa lita moja tu, umekosea kwa zaidi ya asilimia 12. Tembea 400 au zaidi ndipo lita hiyo moja ipungue makali. Na kujaza kwenyewe kuna adabu yake: sheli ile ile, pampu ile ile, gari limesimama pale pale kwenye sakafu, mhudumu apunguze kasi mwishoni kwa sababu dizeli inatoa povu na bomba linajikata mapema, kisha muache kwenye mkato wa kwanza. Usitingishe gari ili ziingie nyingine. Ukitingisha leo na kesho usitingishe, umejidanganya mwenyewe. Lita uzisome kwenye risiti ya EFD. Geji ya dashibodi haifai kwa kazi hii.

Land Cruiser 79 yangu, injini 1HZ, inabeba vitunguu kutoka Mang'ola. Fundi aliifungulia pampu ya dizeli ipate nguvu. Nguvu ilikuja, lakini moshi mweusi mlimani ni aibu, na mafuta yanakwisha. Sasa ananishauri nifunge taba (turbo, ya kusukumia hewa kwenye injini). (Msomaji, Ngaramtoni)

Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikitoka eksozi bila kuungua vizuri. Imeingia nyingi kuliko hewa iliyopo. 1HZ ni injini ya lita 4.2 isiyo na taba; inavuta hewa ambayo mazingira yameipa, na huku kwetu mazingira yanabana. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko pwani, na Karatu unayopita ni juu zaidi. Pampu iliyofunguliwa kwa ajili ya mzigo inamwaga mafuta ambayo hewa ya huko juu haiwezi kuyachoma. Kwa hiyo sehemu ya nguvu unayoisikia ni ya kweli, na sehemu nyingine inapita juu ya keria yako ikiwa nyeusi.

Anza na vya bei ndogo. Toa chujio la hewa ulitazame kwa mwanga. Vumbi la barabara ya Mang'ola linaliziba upesi, na kulipigapiga chini hakulisafishi. Kisha mwambie fundi arudishe skrubu ya pampu kidogo kidogo, mkijaribu kila mara na mzigo uleule kwenye mlima uleule, mpaka moshi ubaki kivuli tu. Ukiona moshi haupungui hata pampu ikirudi ilikokuwa, hapo nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Kuzipima ni tofauti na kuzibadilisha, na mwenye gari ana haki ya kuziona zikinyunyiza.

Halafu niulizie hili kwa niaba yangu: thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) ipo? Gereji nyingi huku zinaing'oa gari likichemsha mara moja tu, na hazimwambii mwenye mali. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto, na asubuhi za Juni na Julai za Arusha huenda isilipate kabisa ukishuka mteremko. Injini baridi inakula zaidi na kuta za silinda zinalika. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kifaa chenyewe ni cha bei ndogo na hasara yake ni ya miaka. Ikiwa gari lilichemsha, tatizo lilikuwa rejeta, kifuniko chake, pampu ya maji au feni, na huko ndiko kulikopaswa kutazamwa.

Kuhusu taba: itaongeza hewa, na moshi utapungua, hilo ni kweli. Lakini mgandamizo wa 1HZ ni 22.4 kwa 1, mkubwa sana kwa injini ya kusukumiwa hewa. Taba ya msukumo mdogo, yenye geji ya joto la eksozi unayoitazama ukiwa mlimani, inaweza kuishi. Taba iliyookotwa na kufungwa bila geji itayeyusha pistoni siku vitunguu vikiwa vingi. Kama huna bajeti ya geji, huna bajeti ya taba.

Nimefunga kiboksi cha kuongeza nguvu kwenye D-Max. Dashibodi sasa inasema kilomita 13 kwa lita, zamani 11. Mbona sioni nafuu mfukoni? (Msomaji, Njiro)

Kwa sababu kiboksi kinaidanganya kompyuta. Gari halina kikombe cha kupimia dizeli. Linakisia kutokana na presha ya mafuta na muda ambao nozeli zinafunguka. Viboksi vingi vya aina hiyo hubadilisha taarifa ya kihisio cha presha, kompyuta ikadhani presha ni ndogo na kuipandisha. Dizeli inayopita ni nyingi, inayohesabiwa ni chache. Namba 13 ifute kichwani. Jaza, tembea, jaza tena, kisha chomoa kiboksi na urudie njia ileile. Risiti zitakuambia kama kuna nafuu.

Gari letu la kambi limefungwa tangi la pili. Tukitumia tangi kubwa, mafuta yanapungua kwa kasi ya ajabu, halafu yanaonekana kama yamerudi. (Msomaji, Kwa Mrombo)

Yamerudi kweli, ila kwenye tangi lisilo lake. Injini ya dizeli haichomi kila inachovuta; ziada inarudi tangini kwa paipu ya pili. Aliyefunga tangi la ziada alipaswa kuweka swichi inayohamisha paipu zote mbili kwa pamoja, ya kuvutia na ya kurudishia. Ikihama moja tu, unavuta tangi kubwa na kumwagia dogo, na likijaa linafurika kwenye tundu la kupumulia. Hilo ni hatari ya moto pia.

Jaribio ni jepesi: acha tangi dogo na nusu, tembea kwa tangi kubwa kilomita 50, tazama kama dogo limeongezeka. Mpaka swichi irekebishwe, jaza matangi yote mawili hadi mkato kabla na baada ya safari, na ujumlishe lita zake. Kupima tangi moja peke yake kwenye gari la namna hiyo ni kazi bure.

Wamarekani wanasifia pikapu zao kwa maili 20 kwa galoni. Ni nyingi? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na maili ni kilomita 1.609, kwa hiyo ni kilomita 8.5 kwa lita. Msemaji akiwa Mwingereza galoni yake ni lita 4.546, na maili 20 zinakuwa kilomita 7.1 tu. Jua kwanza anayezungumza ni nani.

Tangi langu ni la lita 80, sheli wakaniwekea 84. Nimeibiwa? (Msomaji, Tengeru)

Si lazima. Lita zinazoandikwa kwenye kitabu haziingizi shingo ya tangi wala nafasi ya juu, na humo huingia lita kadhaa. Ukiwa na shaka ya kweli, tazama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu na omba wakujazie kipimo cha lita 20 mbele yako. Wakikataa, hamia sheli nyingine na utoe taarifa kwa Wakala.

Kaka, nina Hardbody ya dizeli inayosambaza bidhaa zangu Arusha na Moshi. Tumeifunga keria kubwa na bampa la chuma. Ilikuwa kilomita 9 kwa lita, sasa 7. Ndugu wananiambia dereva ananyonya mafuta, nimfukuze. (Msomaji, Boma Ng'ombe)

Dada yangu, usimfukuze mtu kwa ushahidi wa keria. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 56, na keria yenye turubai inaufanya uwe mkubwa tangu mwanzo. Ongeza uzito wa chuma, na injini inayoachwa ikinguruma wakati wa kushusha mzigo, ambayo peke yake inaweza kula nusu lita hadi lita kwa saa.

Kisha gari lenyewe. Upepo wa tairi upimwe asubuhi zikiwa baridi. Kila gurudumu linyanyuliwe na jeki, lizungushwe kwa mkono; lisilozunguka kwa wepesi lina breki inayoshika au beringi inayokufa. Kama ni ya magurudumu manne, hakikisha habu za mbele hazijaachwa zimefungwa.

Baada ya hapo ishushe keria, mwambie dereva asizidi 80, mjaze pamoja mwanzo na mwisho, na muandike wote wawili lita na kilomita kwenye daftari moja kwa wiki chache. Kama gari ni zima, keria iko chini na bado kuna lita zisizoonekana, muulize yeye, na daftari liwe mezani.