MASWALI YENU: "Dada yangu anaongea na kioo"

SWALI: Bwana asifiwe Mama. Mi ni msomaji wenu niko Arua, nauza mchele na maharage sokoni. Kanisani kwetu mwezi uliopita tulikuwa na semina ya siku tatu, kiingilio shilingi 50,000 kila mtu, mfundishaji alikuwa mtumishi mgeni kutoka Kampala anajiita kochi wa maisha. Alisema shida ya wakristo wengi ni kwamba hatujipendi, eti Yesu mwenyewe alisema mpende jirani yako kama nafsi yako, kwa hiyo lazima uanze kujipenda wewe ndo upate cha kumpa jirani. Tukapewa karatasi ya kubandika kwenye kioo, kila asubuhi unajitazama machoni unajiambia mara saba mimi natosha, mimi ni mshindi, baraka zinanifuata. Akasema pia tuwakate watu sumu wote hata kama ni ndugu wa damu.

Sasa dada yangu mkubwa ninayeishi naye alifiwa na mtoto wake wa miaka minne mwaka jana. Tangu hapo halali, hali vizuri, anaweza kukaa kwenye mkeka kutwa nzima na sigiri haijawashwa. Nilimlipia semina nikijua itamsaidia. Hayo maneno anayasema kila siku bila kukosa, lakini juzi nimemkuta mbele ya kioo analia, ananiambia "hata hili nimeshindwa". Nikaenda kwa mtumishi, akasema dada anakiri vibaya, yani anatamka maneno ya kushindwa, ndo maana, na nisipoangalia atanivuta na mimi chini, nijitenge naye kidogo. Mama naogopa kumpinga mtumishi wa Mungu ila moyo umekataa. Hii saikolojia ni ya Mungu ama tumeingiliwa?

JIBU: Mwanangu pole sana, na dada yako mpe pole yangu, mwambie kuna mama mmoja huku Jinja amemtaja mtoto wake mbele za Mungu hata kama hajui jina lake. Naanza na la haraka: usijitenge naye. Hilo achana nalo kabisa, mengine tutaongea taratibu.

Moyo wako kukataa si uasi. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, alafu wakaenda kuchunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Matendo 17 inawaita waungwana kwa sababu hiyo hiyo. Kama Paulo alichunguzwa, kochi kutoka Kampala naye anachunguzika.

Basi tuchunguze huo mstari wake. Fungua Mathayo 22. Yesu aliulizwa amri iliyo kuu akajibu mpende Bwana Mungu wako, ya pili yafanana nayo, mpende jirani yako kama nafsi yako, alafu akamalizia "katika amri hizi mbili hutegemea torati yote na manabii". Mbili. Huyo mtumishi ameongeza ya tatu na akaiweka mbele ya zingine zote. Yesu hakuagiza tujipende, alichukulia kwamba tayari kila mtu akisikia njaa anatafuta chakula na jua likimchoma anatafuta kivuli, ndo akasema huo mwendo unaojifanyia wewe mfanyie na jirani. Na Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu siku za mwisho, la kwanza kabisa kwenye ile orodha yake ndefu ni "watu watakuwa wenye kujipenda wenyewe". Sasa kitu ambacho Biblia imekiweka kwenye orodha ya hatari sisi tunakilipia 50,000!

Kuna mstari mwingine watu hawa wanaupenda sana, sijui kama na kwenu aliutumia, Mithali 23:7, "aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo". Utasikia wanasema unaona, ukijiona tajiri utakuwa tajiri. Lakini soma kuanzia mstari wa sita uone mwenyewe, hiyo ni habari ya mtu mchoyo amekualika chakula, mdomoni anakwambia haya kula kunywa, kumbe moyoni anahesabu matonge yako. Ni onyo kuhusu mwenyeji mnafiki! Mi nilishahudhuria mikutano mitatu ambayo mstari huo umehubiriwa na hakuna hata mmoja aliyetaja yule mchoyo na meza yake.

Na haya mambo ya kusema maneno mpaka yawe kweli hayakutoka kwa mitume. Huko Marekani jimbo la Maine kulikuwa na fundi wa saa anaitwa Phineas Quimby, alikufa 1866, alikuwa anafundisha kwamba ugonjwa unatoka kwenye imani potofu iliyo akilini, ukibadilisha fikra unapona. Wafuasi wa mawazo hayo wakaandika vitabu, mawazo yakaingia kwa wahubiri pole pole yakavalishwa mistari, leo yanafika Arua yakiitwa ufunuo mpya. Ni ya zamani kuliko bibi yangu.

Ila sitaki unielewe vibaya, sisemi saikolojia yote ni ya shetani, hao wanaohubiri hivo nao wanaumiza watu. Tena hapa wasomi wa kweli wanamkataa kochi wenu kuliko hata mimi. Mwaka 2009 mtafiti wa Canada anaitwa Joanne Wood na wenzake walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili hili la kujiambia maneno mazuri, waliwaambia watu warudie sentensi ya kwamba mimi ni mtu wa kupendwa. Wale ambao tayari walijiona wako sawa walipata nafuu kidogo. Wale waliokuwa wanajidharau, yani wale hasa ambao dawa ilikuwa yao, wakajisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakurudia kitu. Ukimwambia mtu aliyevunjika aseme mimi ni mshindi, moyo wake unamjibu hapo hapo muongo wewe, na sasa ana msiba wake na juu yake amefeli na zoezi. Si ndo dada yako alichokwambia, "hata hili nimeshindwa"? Yeye hakukosea kitu, alipewa dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Sasa ugonjwa wake ni upi. Mi si daktari lakini hapa Uganda tuna jambo ambalo ningetamani kila kanisa lilijue. Watafiti walienda vijijini Masaka na Rakai, wilaya ambazo ukimwi ulizipiga sana, wakawauliza watu wenyewe shida zao ni nini. Wenyeji wakawapa maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa, yani kujichukia, na okwekubagiza, yani kujihurumia. Walipoyafuatilia wakakuta yanafanana sana na ule ugonjwa ambao hospitali wanauita sonona. Kwa hiyo Efeso 5 inaposema hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, hiyo ndo hali ya kawaida ya binadamu, na ukiona mtu amefika mahali anajichukia kweli kweli, hali, halali, ujue ni mgonjwa anayehitaji kubebwa, kama yule aliyeshushwa darini na watu wanne.

Na walitibiwaje? Hawakupewa vioo. Walikusanywa kwenye vikundi vidogo, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, mara moja kwa wiki, kama saa moja na nusu, wiki 16, wakiongozwa na mtu wa huko huko aliyefundishwa wiki mbili tu. Wanaongea kuhusu nani amekufa, nani tumegombana naye, maisha yamebadilika wapi, na wenzao wanasikiliza na kushauriana. Vijiji vilikuwa 30, vingine vikapata vikundi na vingine vikangoja ili walinganishe, matokeo yakachapishwa 2003, na wale wa vikundini walipata nafuu kubwa mno kuliko waliokuwa wanangoja. Niliposoma hayo nilikaa nikawaza, mbona hii ni felowship ya Balokole, wale waliookoka wa uamsho! Uamsho wetu, tangu Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja, ulikuwa hivo, watu wanakaa pamoja wanaweka mizigo na dhambi zao nuruni, hakuna anayejifanya anatosha, alafu wanaimba Tukutendereza. Mama yangu alilelewa humo. Hawakumwambia mtu ajitazame machoni.

Na Eliya je? Alikaa chini ya mretemu akaomba afe, nabii mzima, siku chache tu nyuma ameshusha moto. Mungu hakumwambia unakiri vibaya. Alimwacha alale. Malaika akamgusa akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akala akalala tena, akamgusa mara ya pili, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako". Maneno ya kazi na ya utume yalikuja baadaye sana.

Nikwambie kitu ambacho bado kinaniuma. Zaidi ya miaka kumi iliyopita binti mmoja alikuja kwangu, alikuwa hajalala karibu wiki mbili, mi nikamwambia afunge siku tatu na akatae roho ya huzuni. Alirudi siku ya tatu anatetemeka, midomo imekauka, akasema Mama nimekataa lakini bado ipo. Kaka yake ndo alimpeleka hospitali, leo ni mzima ana watoto wawili na anaimba kwaya. Nilimwomba msamaha akanisamehe, lakini ile midomo siisahau, ndo maana barua yako nimeijibu kwa urefu hivi.

Kwa hiyo fanya hivi. Ile karatasi iondoe kwenye kioo wewe mwenyewe, usimwambie yeye aitoe. Asubuhi washa sigiri, pika uji, kaa naye kwenye mkeka mnywe wote, hata asipoongea. Umuulize kuhusu mtoto, alikuwa anapenda nini, usiogope atalia, anakatazwa kulia tangu semina. Akitaka maneno ya kusema msomee Zaburi 88, ile inaanza kwa kilio na inaishia gizani na bado iko ndani ya Biblia. Muulize pia bila kuzunguka kama anawaza kufa ama kujidhuru, kuuliza hakumpi wazo, na akisema ndiyo usimwache peke yake hata dakika, mpeleke siku hiyo hiyo. Hospitali ya rufaa ya hapo Arua ina kitengo cha afya ya akili, huna haja ya kusafiri mpaka Butabika, ile hospitali kuu ya akili kule Kampala, na hata asipowaza kufa mpeleke wiki hii, mwaka mzima bila usingizi si kitu cha kusubiri semina ijayo. Tafuta pia kina mama wawili watatu kanisani ambao wamezika watoto. Wapo, wewe uliza tu. Wakae naye kila wiki.

Na mchungaji wenu wa siku zote mwendee kwa heshima, si yule mgeni. Mweleze ulichoniambia mimi. Huenda naye hakujua kilichofundishwa madhabahuni kwake.

SWALI: Mama salaam, mi kijana wa Busia, kwanjula yetu, yani utambulisho wa ukweni, ni mwezi wa nane. Tulifanyishwa mtihani wa zile tabia nne kwenye mafunzo ya wachumba, mi nikatoka koleriki, yani wa hasira, mwenzangu melankoliki, yani wa kuwaza sana, mshauri akasema hatuendani tungoje Mungu atuonyeshe mwingine. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Mwanangu, hizo tabia nne zilitoka kwa madaktari wa kale wa Kigiriki. Waliamini mwilini kuna maji manne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na Galen karne ya pili akayafanya yaamue mtu atakuwa na tabia gani. Melankoli maana yake ni nyongo nyeusi tu. Hakuna hospitali leo inapima nyongo nyeusi, na Mungu hakuwahi kumwambia mtu amwache mchumba kwa sababu hiyo. Kujua kwamba wewe una hasira za haraka na mwenzako anawaza sana kunafaa, mtajua mahali pa kuvumiliana. Basi, mtihani uishie hapo.

Mi ningetaka kujua mengine ambayo hukuniandikia. Mkikosana nani anaanza kuomba msamaha? Anamwogopa Bwana? Madeni yako umemwambia? Wazee wenu wanasemaje? Hayo yakiwa sawa, rudini kwa mshauri mkiwa wawili mumwambie asante kwa mafunzo, mumweleze mmeomba na mnaendelea, na tafuteni wanandoa wazee wa kanisani wamalizie kuwafundisha. Na mwenzako mpigie leo usingoje jioni, maana kama wewe umechanganyikiwa hivi, yeye aliyeambiwa ana nyongo nyeusi yuko hali gani.