Namba ya kwenye tairi siyo ya kujazia

Ndugu, umeuliza kama ujaze upepo hadi 51 PSI (PSI ni kipimo cha upepo) kwa kuwa ndiyo namba uliyoiona ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi, yaani usivuke hapo. Siyo kipimo cha gari lako. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango: kuna kibandiko chenye upepo wa mbele na wa nyuma. Magari mengine wamekibandika ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari madogo mengi huangukia kati ya 30 na 35. Ukikuta 220 kPa, kipimo kingine cha upepo, usishtuke, ni kama 32 PSI.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea: pima tairi likiwa baridi. Gari liwe limelala, au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Ukitoka safarini geji itasoma juu kwa PSI 4 au zaidi kwa sababu hewa imepata joto. Ukipunguza hapo, asubuhi utakuta tairi zimelegea. Mimi nilifanya hivyo miezi kadhaa, nikashangaa kingo za matairi zinaisha huku katikati bado pana kashata (meno ya tairi) nzuri. Upepo mdogo hula kingo, ukizidi hula katikati.

Ukibeba abiria watano na mizigo, kibandiko mara nyingi kina safu ya pili ya namba kubwa kidogo, fuata hiyo.

Na spea ipime pia, jamani. Ile nyembamba ya dharura kwa kawaida hutaka 60.